Msimu wa Unga Mbichi

Jumatano, 25 Januari 1967

Bismillahi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakina herufi za shule, na Kiarabu nilichofundishwa ni cha kusomea Kurani, si cha kulalamikia. Kiswahili nilikipata Garissa, mpaka darasa la tatu, msichana wa pekee katika chumba cha wavulana, na mwalimu alisema hati yangu inapendeza kuliko zao. Marehemu baba alikuwa mkalimani wa ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Kwa hiyo hapa kambini, nje kidogo ya Modogashe, ambako serikali imetukusanya ndani ya ua wa miba ili tusiwalishe watu wa msituni wanaopigana nayo, mimi Fatumo ndiye mdomo wa wanawake. Wakitaka kusema na askari wananiita. Wakitaka dawa wananiita.

Habari ya leo ni mbaya. Juzi lori la jeshi lilipigwa risasi barabarani, na leo Koplo Kioko, mkubwa wa lango, ametangaza kwamba hakuna mwanamke atakayetoka kuokota kuni mpaka itoke amri nyingine. Maji yapo, kisima kiko ndani. Mbuzi watalishwa pale askari wanapoweza kuwaona. Kuni, hakuna. Nilitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, na wanawake wakanitazama mimi kana kwamba amri ni yangu.

Binti yangu Bishara ana mimba ya kwanza. Atazaa mvua za Gu, masika yetu, zikianza. Amri nyingine zote naweza kuzibeba, lakini hii imenikaa kifuani.

Ijumaa, 27 Januari

Tumepika mara moja tu. Chai kwanza, uji baadaye. Bishara amekula vizuri.

Jumatatu, 30 Januari

Leo nimefukiza dhiil kwa mara ya mwisho. Niandike maana yake, pengine atasoma mjukuu atakayezaliwa mjini. Dhiil ni chombo chetu cha maziwa, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka hakivuji. Hakioshwi kwa maji. Unachukua kijiti kinachowaka, unakisugua ndani mpaka moshi ushike ukutani, na maziwa yanakaa matamu hadi jioni. Mwanamke anajulikana kwa harufu ya dhiil yake. Yangu, hata wakwe zangu waliokuwa wakinichukia waliisifu.

Kijiti kilipozima Bishara alisema, "Hooyo, kesho maziwa yatakuwaje?"

Nikamwambia, "Yatakuwa maziwa."

Huyu mtoto ananiita hooyo, mama, kwa sauti ya chini kama anaomba ruhusa, na bado ana shingo ya swala. Nasema kweli. Alihitimu Kurani kabla ya wavulana wa ami yake. Olow, mumewe, alikonda kwa kumtaka mpaka watu wakadhani ana malaria. Olow huyo alipakiwa kwenye lori mwezi wa kumi pamoja na vijana wenzake, wakaambiwa wanakwenda Garissa kuulizwa maswali machache. Maswali bado hayajaisha.

Jumanne, 31 Januari

Maziwa yamechacha kabla ya adhuhuri.

Jumamosi, 4 Februari

Tunakula unga mbichi. Unga wa mahindi wa mgao, tunautia maji na chumvi, tunaukoroga, tunaunywa. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili tumbo likajaa upepo kama ngozi ya mbuzi iliyopulizwa. Watu wazima wanatembea wameshika matumbo. Chai tunaanika: majani ndani ya chupa ya maji, chupa juani tangu asubuhi. Inatoka rangi, haitoki chai. Kichwa kinaniuma kuanzia macho mpaka kisogo, na si mimi peke yangu, kambi nzima imefunga vitambaa vichwani.

Bishara anakunywa unga, anakaa kidogo, anautapika wote.

Sasa nieleze aibu ya jirani yangu Lul. Leo nimesikia harufu ya uji uliopikwa, nikaifuata kwa pua. Nikamkuta Lul amechuchumaa, amechoma mti wa nyumba yake. Nyumba ya Kisomali ni mali ya mwanamke. Miti yake inakunjwa na mama yako kabla hujaolewa, unapewa siku ya harusi, inapanda juu ya ngamia kila mnapohama na inasimama kila mnapofika. Anayeichoma amesema kwa mikono yake kwamba hatahama tena, kwamba hapa ndani ya miba ndipo kwake.

Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, umepika nini, ukuta au paa?"

Akasema, "Nimepika mti wa nyuma. Mama mkwe wangu hana meno wala tumbo. Kaa ule, Fatumo, wacha maneno."

Sikukaa. Nimewasimulia wanawake kisimani na tumecheka sana.

Alhamisi, 9 Februari

Nimegundua jambo. Wanawake wa kambi hii wangekufa bila mimi.

Katika mgao tunapewa maharagwe mekundu. Kwetu wafugaji maharagwe hayajulikani, tulikuwa tunawapa askari nao wanatupa sukari. Sasa mimi nimeyaloweka kwenye debe, debe nikaliacha juani siku mbili, yakavimba, yakalainika. Nikayatwanga kwenye kinu, nikatia chumvi na samli. Yana ladha kama karanga. Jua letu hili linalotuua, nimelifanya jiko, na halina askari wa kulifungia lango.

Nimewafundisha wote. Hata Lul alikuja na bakuli. Bishara alikula akarudia, na nilimtazama akila mpaka nikasahau kula mwenyewe.

Ijumaa, 10 Februari

Siwezi kuandika. Kambi yote inatapika.

Jumapili, 12 Februari

Nimepata nguvu ya kushika kalamu.

Ilianza Alhamisi ileile, baada ya magharibi. Kwanza mtoto wa huku, halafu bibi wa kule, halafu mimi. Amri ya usiku inasema mtu asitoke nyumbani giza likiingia, kwa hiyo kila nyumba ilitapika ndani yake. Tulikuwa tunasikiana. Bishara alianza wa mwisho na hakunyamaza. Alitapika chakula, akatapika maji, akatapika kitu cha kijani, halafu akawa anatapika sauti tu. Nilimshika paji la uso kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, nikimwambia mtoto aliye ndani, shika, shika, usiteremke.

Asubuhi tulikwenda kwa Lazarus. Ni dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, mtu wa bara, Mkristo, anakaa katika hema lenye msalaba mwekundu na anavaa soksi ndefu kwenye joto hili. Sikumpenda tangu mwanzo, maana maneno yake ni mawili tu, chemsha na osha. Wanawake walipanga foleni na mimi nikasimama ubavuni mwake kutafsiri.

Akauliza, "Mmekula nini?"

Nikasema maharagwe.

"Mliyapika kwa muda gani?"

 Wanawake wakasema kwa Kisomali, mwambie. Nikamwambia yalipikwa na jua.

Lazarus akavua miwani. "Mama Bishara, maharagwe hayo yakiwa mabichi yana sumu. Hata ukiloweka wiki. Lazima yachemke, yachemke sana. Kwetu mtoto mdogo anajua hilo."

"Kwenu kuna kuni," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Basi tupe kuni."

Akatazama lango, akanitazama. "Sina. Mimi mwenyewe sindano nachemsha kwa stovu, na mafuta yamebaki kidogo. Waambie wachemshe maji angalau."

Nikageuka kuwaambia. Lul akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema tuchemshe."

Foleni yote ikacheka, wale waliokuwa na nguvu ya kucheka. Halafu bibi mmoja akauliza ni nani aliyefundisha watu kula sumu, na wote walijua. Ni mimi. Nilikuwa nataka tu binti yangu ale.

Alhamisi, 16 Februari

Wananisalimu, lakini wanaochota maji hawanisubiri.

Jumatatu, 20 Februari

Nimekwenda langoni. Koplo Kioko ni Mkamba mnene mwenye sauti nyembamba, na huwa tunataniana, kwa sababu Kiswahili changu kinamfurahisha. Nyuma yake sufuria ya askari ilikuwa inachemka. Kuni zao zinaletwa na lori. Moshi unavuka ua wakati wowote unaotaka.

Nikamwambia, "Koplo, moshi wako umeingia kwangu bila pasi."

Akacheka. "Umkamate, mama."

"Nimemkamata. Sasa nataka na baba yake. Vijiti viwili tu. Binti yangu ana mimba na anakula unga kama punda."

Akaacha kucheka. Akasema, "Mama, kuni hizi zinahesabiwa. Nikikupa wewe, kesho watakuja hamsini, na keshokutwa nitaulizwa mimi ni wa upande gani. Nina mke Kitui, naye ni mjamzito. Usidhani sioni."

"Kama unaona, fumba jicho nitoke mara moja."

"Nikifumba mimi, yule wa juu ya mnara hajafumba."

Nikatazama juu. Kijana wa mnarani alikuwa anakula muwa. Nilirudi nyumbani. Sijawahi kuomba kitu mara mbili katika maisha yangu, na leo nilikuwa tayari kuomba mara kumi, ila sikujua niombe nini tena.

Jumamosi, 25 Februari

Upepo na vumbi. Bishara amekunywa maji ya chumvi na sukari ya Lazarus. Yamekaa.

Alhamisi, 2 Machi

Miguu ya Bishara imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Ndani ya kope pamekuwa peupe. Anaharisha, kisha anafunga siku mbili, kisha anaharisha tena. Maziwa ya mbuzi bila moshi yanamkata tumbo. Unga unamkata tumbo. Nikimpa kidogo analia, nisipompa ananitazama.

Nilimpeleka kwa Lazarus. Kila siku nasimama pale natafsiri maradhi ya watu, tumbo la huyu, kifua cha yule, na maneno yanapita tu mdomoni. Leo Lazarus alisema, "Damu yake ni kidogo sana. Akizaa hivi ni hatari. Anahitaji chakula kilichopikwa, na nyama, na maini." Bishara akaniuliza, "Hooyo, amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema wewe ni mzuri."

Lazarus alielewa kwamba sikutafsiri. Akainama akaandika jina la Bishara katika orodha ya wagonjwa wa kwenda hospitali Garissa kwa lori litakalokuja. Nikauliza litakuja lini. Akasema barabara ikisafishwa. Nikauliza itasafishwa lini. Akaanza kupanga chupa zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nilimchukia mtu huyu kwa kutujibu chemsha. Leo nimeona hana neno lingine, kama mimi nisivyokuwa nalo.

Jumanne, 7 Machi

Lori halikuja.

Jumatatu, 13 Machi

Lori halikuja. Bishara anasema anasikia harufu ya uji usingizini.

Jumanne, 21 Machi. Idd ya kuchinja

Tumechinja mbuzi mmoja kwa nyumba zote za upande wetu. Mwaka mwingine leo ningekuwa nakaanga nyama kavu katika samli mpaka jirani wa tatu ajue. Tumekata nyama nyembamba kama kamba na kuianika. Inzi wamesherehekea kuliko sisi. Nilimtafunia Bishara kipande kinywani mwangu, kama kwa mtoto, nikampa. Kikarudi.

Alasiri Lul alikuja na kifuniko cha sufuria. Ndani yake palikuwa na ini, limechomwa, bado moto. Lul sasa analala chini ya ngozi iliyotandazwa juu ya miti michache. Mama mkwe wake yuko hai, anatembea mpaka kisimani.

Akasema, "Mpe mtoto wetu. Usiniulize nimepika ukuta gani."

Bishara alikula ini lote. Akalamba kifuniko. Halikurudi.

Nilimwambia Lul, "Abaayo, nilikucheka."

Akasema, "Nilisikia. Una sauti kubwa, Fatumo. Hata huko Wajir walisikia."

Ijumaa, 24 Machi

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliikata mizizi ya mgunga upande wa Diff, mpakani, akaifukia kwenye mchanga wenye majimaji, akaikunja kidogo kidogo mpaka ikawa pinde za nyumba yangu. Ilikuwa imepita misimu mingi na haijawahi kuvunjika hata mmoja. Nilikuwa nikijisifu kwamba nyumba yangu inaimba upepo ukivuma.

Leo nimetoa mti wa nyuma, usioonekana na wageni. Niliupasua kwa shoka. Ulikuwa mkavu, ukashika mara moja.

Nilipika uji. Bishara alishika bakuli kwa mikono miwili na hakunywa mara moja, aliuweka uso juu ya mvuke. Halafu akanywa, akalala, na tumbo lake halikulalamika. Kabla makaa hayajafa niliwaita wanawake wakaleta vyombo vyao, tukafukiza dhiil zote. Hata yule bibi aliyeuliza habari ya sumu alileta yake. Nimewaambia hakuna mti duniani unaotoa moshi mtamu kama wa mama yangu. Wamekubali.

Jumatano, 29 Machi

Mti wa tatu. Ugali na nyama. Uvimbe umepungua kidogo kwenye vifundo.

Jumatatu, 3 Aprili

Mikeka ya paa imelegea, inagusa kichwa. Kioko alipita akizunguka, akasimama.

"Mama, nyumba yako inakonda."

"Binti yangu ananenepa."

Akatazama miti iliyobaki. Akasema, "Mawingu yanakuja kutoka upande wa bahari."

"Nayaona, koplo. Mimi ni mfugaji. Nimeyaomba tangu niko mdogo."

 Kwa mara ya kwanza maishani nimeyaomba yangoje.

Jumamosi, 8 Aprili

Imebaki miwili ya mlangoni, minene. Hii siigusi. Kwetu mzazi analala karibu na moto siku arobaini, mwili usiingiwe na baridi, na mtoto anapitishwa juu ya moshi wa uvumba. Hii ni ya siku hiyo. Tumerudi kwenye unga mbichi. Bishara ameanza kutapika upya. Anaushika ule mti wa mlango anapoinuka, na anauachia taratibu.

Jumanne, 11 Aprili

Ngurumo. Hewa nzito. Bishara anaumwa kiuno.

Jumatano, 12 Aprili

Mvua ilianza alfajiri pamoja na uchungu. Naandika usiku, kwa kupapasa, chini ya ngozi ya Lul, karatasi nimeifunika kwa shuka.

Mikeka haikuwa na kitu cha kuishikilia. Maji yaliingia kutoka pande zote, na miti miwili niliyoitunza ililoa kabla sijakumbuka kuifunika, kwa sababu nilikuwa nimemshika Bishara. Lazarus alikuja mbio na soksi zake zimejaa tope. Sikutafsiri chochote, Bishara hakuwa akisikia. Alasiri ilipokuwa inaisha mtoto alitoka, msichana, mdogo kama sungura, akalia sauti moja yenye hasira. Hiyo ni damu yetu. Bishara alitoka damu nyingi kuliko aliyokuwa nayo. Lazarus aliizuia kwa mikono yake, akachoma sindano, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa apate joto. Kitu cha moto anywe. Haraka."

Nilijaribu ile miti. Ilitoa povu na moshi wa machozi, haikuwaka. Lazarus alileta mafuta ya stovu yake, yale ya mwisho, tukayamwaga juu yake. Yakawaka yenyewe, yakaisha, mti ukabaki mweusi na baridi.

Ndipo tukambeba Bishara na mtoto mpaka kwa Lul, naye akaingiza mkono chini ya ngozi anayolalia akatoa mti wa mlango wake. Mkavu. Alikuwa ameulalia usiku na mchana.

Nikamwambia, "Huo ni wa mwisho."

Akasema, "Na huyu ni wa kwanza. Pasua."

Tuliinama juu ya moto, mimi na Lul, migongo yetu ikawa paa. Uji ulikuwa haujachemka giza lilipoanza kuingia, na baada ya giza moto ni marufuku. Kioko akaja na tochi na koti la mvua. Akatuona, akaona sufuria.  Akatugeuzia kisogo, akasimama kati yetu na mnara, maji yakimchuruzika. Uji ukachemka. Nikamnywesha Bishara kijiko kwa kijiko, naye akameza, akafungua macho, akasema, "Hooyo, tamu." Lul akachukua kaa moja akafukiza dhiil kwa ajili ya kesho.

Halafu Kioko akasema, bila kugeuka, "Mama, muda umefika. Mimi siwezi zaidi."

Lul alinitazama. Nilimimina maji juu ya makaa kwa mkono wangu mwenyewe. Yalilia, yakanyamaza.

Bishara akasema anasikia baridi. Tumemlaza kati yetu, mtoto juu ya kifua chake.

Alhamisi, 13 Aprili

Bishara yuko hai. Anatetemeka na mwili una joto la homa. Mtoto ananyonya, sijui kama anapata kitu.

Asubuhi Kioko alituita langoni, nikasimama kutafsiri. Amri mpya: wanawake wanaruhusiwa kutoka kuokota kuni, kwa zamu, askari mbele na askari nyuma. Nilikuwa wa kwanza kupita. Nchi yote imegeuka tope, na kila kijiti nilichookota kilichuruzika maji mpaka kwenye kiwiko. Nilibeba mzigo mkubwa kuliko wa mwanamke yeyote.

Nimezitandaza kuni juu ya mawe, mimi upande huu, Lul upande ule. Bishara ameniuliza mara mbili kama uji uko tayari. Nimemwambia uko karibu.

Jua halijatoka mawinguni.